Kreatinini hazilingani kwenye mashine mbili, niweke fakta?

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu, habari za majukumu. Maabara yetu imeongezewa mashine ndogo ya kemia kwa ajili ya usiku, ile kubwa inafanya kazi mchana. Kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) zinagoma kulingana. Sampuli zilezile, kubwa kwanza kisha ndogo, kwa mikromoli kwa lita: 80 na 105, 150 na 176, 305 na 331, 600 na 624. Kontroli (sampuli zenye majibu yanayojulikana) zinapita kote kuwili. Madaktari wanalalamika: mgonjwa akipimwa usiku wanapunguza gentamicin (antibiotiki inayotolewa mwilini na figo), asubuhi wanairudisha. Bosi anataka niweke fakta (namba ya kuzidisha majibu) ili ndogo ifuate kubwa. Naombeni ushauri.

Pipeti:
Rahisi tu mkuu. 80 gawanya kwa 105 ni 0.76. Ingiza kwenye mipangilio, uzi ufungwe.

Mama Maabara:
Usifungwe kwanza. Zidisha 624 kwa hiyo 0.76: unapata 474, wakati mashine kubwa inasema 600. Utakuwa umemtibu mgonjwa wa figo kwa kikokotoo.

Mtoa mada, toa namba zako: 25, 26, 26, 24. Tofauti haikui hata kreatinini ikipanda mara saba. Kuna kitu kinajumlishwa kwenye kila jibu, na fakta kazi yake ni kuzidisha. Mashine ndogo inatumia njia gani? Ni Jaffe, ile ya rangi ya asidi pikriki?

Zamu_ya_Usiku:
Ndiyo dada, Jaffe. Kubwa ni ya vimeng'enya.

Mama Maabara:
Basi hapo ndipo penyewe. Jaffe ni njia ya 1886 na tabia yake haijabadilika: asidi pikriki haichagui. Protini, glukosi, ketoni, hata baadhi ya antibiotiki za jamii ya cephalosporin, zote zinatoa rangi. Kwenye seramu ziada hiyo huwa kama 20 hadi 30, ndiyo maana wapo watengenezaji wanaoondoa 26 kwenye kila jibu. Kontroli zinapita kwa sababu kila njia imepewa lengo lake, hazikuambii kama mashine mbili zinakubaliana kwa mgonjwa.

Soma karatasi ya kitendanishi (kemikali ya kupimia) na ya kalibreta (sampuli ya kusetia mashine). Kreatinini mara nyingi ina thamani zaidi ya moja, kulingana na njia, na thamani unayoingiza lazima iendane na hilo punguzo. Usichanganye. Na usikalibreti kwa seramu ya mgonjwa iliyopimwa kwenye mashine kubwa, nimeona watu wanafanya hivyo.

Mkojo uwe na kipimo chake peke yake, bila punguzo, maana hauna protini nyingi kama seramu. Watoto wachanga protini zao ni chache, kwa hiyo punguzo linaweza kuwashusha kupita kiasi. Na mwenye kisukari aliyejaa ketoni atatofautiana hata ukikalibreti vipi, huyo mrudie kwenye vimeng'enya.

Fundi Kemia:
Naongezea. Ukimaliza, pima sampuli za wagonjwa angalau 40, za chini hadi za juu sana, zigawe kwa siku kadhaa, mashine zote mbili ndani ya saa mbili. Zilizovunjika chembe za damu au zenye manjano weka kando. Usimpelekee bosi r (kipimo cha uhusiano wa namba) ya 0.99 kama ushahidi. Hizo namba zako za sasa zina r karibu na 1 na bado hazilingani. Chora tofauti dhidi ya wastani, kama Bland na Altman walivyoonyesha 1986. Mkaguzi wa ISO 15189 (kiwango cha ubora wa maabara za tiba) naye atataka kuona ulinganisho huo.

Pipeti:
Nimeelewa, nafuta 0.76 yangu. ALP (kimeng'enya cha ini na mifupa) je? Kwetu mashine moja inatoa zaidi ya mara mbili ya nyingine.

Fundi Kemia:
Angalia bafa: DEA au AMP. DEA hutoa namba kubwa zaidi na ina viwango vyake vya kawaida. Nunueni kitendanishi cha aina moja. Fungua uzi wake, tusimvurugie mwenzetu.

Zamu_ya_Usiku:
Nimerudi. Karatasi ya kitendanishi inataka punguzo kwa seramu, kwenye mashine sehemu hiyo imeachwa 0 tangu ifungwe. Nimemwandikia msambazaji atume thamani ya kalibreta ya loti hii. Mpaka ajibu, kreatinini za usiku zinasubiri mashine kubwa, za dharura tu ndizo tunawasha kubwa usikuusiku.