Madume wametoka Garissa wamefika Ruai hawataki kula

mfugaji_ruai: Wadau nisaidieni. Nimenunua ng'ombe madume sita Garissa wa kunenepesha, lori lilitoka huko jana jioni likapata pancha njiani, tumeshusha leo saa nne asubuhi. Wanne wamekunywa maji kidogo wakasimama tu vichwa chini, mmoja amelala tangu ashuke, mwingine makamasi yanatiririka. Nimewawekea pumba na mahindi ya kusaga, wananusa wanaacha. Jirani ananiambia nidunge wote tetra, ile antibiotiki, leo leo. Nidunge ama niwaache?

lori_kaskazini: Boss toa hiyo mahindi haraka. Mimi nimepanda malori na hawa wanyama miaka mingi, usiku kucha ng'ombe anasimama akipigana na breki na kona, hali wala hanywi, sasa tumbo ni tupu halafu unamjazia mahindi, itachachia humo ndani na hapo ndio utampoteza. Weka maji safi, kivuli, nyasi kavu, kisha toka hapo. Na hao majirani wa kuja kutazama wafukuze, huyu ng'ombe amezoea mchungaji wake, hajui bodaboda wala mbwa wa plot.

mama_maziwa: Usiwachanganye na wako wa zamani!! Tenga kama wiki tatu hivi. Mimi niliingiza mmoja tu bila kutenga, boma zima likakohoa.

veti_wa_kijiji: Tetra haitibu uchovu, na ukidunga wote utakuwa umewashikashika tena bure. Ngoja wapumzike, jioni jua likipoa pima joto kwa mkundu. 38 hadi 39 na nusu huyo amechoka tu. Ikipita 40 na ana makamasi, ita daktari usingoje kesho, homa ya mapafu baada ya safari inaenda mbio. Huyo aliyelala, kama amekalia kifua na anacheua mpe muda. Akilala ubavu mwinue akalie kifua, umwekee nyasi chini na umgeuze kila masaa machache, ng'ombe ni mzito, mguu wa chini unakufa ganzi hadi anashindwa kuinuka kabisa.

Kitu kingine watu husahau ni kupe. Ng'ombe wa sehemu kavu mara nyingi hajawahi kukutana na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, huku kwetu inamuua chap. Wakishakula vizuri siku moja mbili wapige dawa ya kupe KABLA hawajatoka kwenda malishoni. Dawa ya minyoo pia ingoje hapo.

lori_kaskazini: Hapo kwa kupe umesema. Nimeona mtu akizika wanne na alidhani ni safari.

mfugaji_ruai: Asanteni sana. Saa moja jioni nimepima, watano wako 38 na kitu na wameanza kutafuna nyasi, hata yule wa kulala ameinuka akamaliza ndoo. Wa makamasi ni 40.7. Daktari amefika, lakini kabla ya kufungua mkoba ameuliza kibali cha kusafirisha, na dereva ameenda nacho kwa lori, simu hashiki.