Dada anafunga ndoa Ujerumani, karatasi zake nazifuatilia mimi huku Mwanza, nianzie wapi?

nyamagana_kwetu

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada maana wiki nzima nazunguka na kila mtu ananiambia lake. Dada yangu ni nesi Ujerumani, mwaka wa nne huu, ana kibali cha kuishi na kazi. Huko kapata mchumba Mkenya naye anafanya kazi hukohuko. Posa imeletwa nyumbani Ukerewe, wazee wameridhia, sasa wanataka wafunge ndoa ya serikali kule kwanza halafu Desemba waje tufanye ya kanisani huku. Ofisi ya ndoa ya mji wao, wenyewe wanaiita Standesamt, imempa orodha: pasipoti, kibali, karatasi ya kuonyesha anapoishi, cheti cha kuzaliwa na cheti cha kuthibitisha hana ndoa nyingine na sheria ya kwao haimzuii kuolewa. Hivyo viwili vya mwisho ndo kaniachia mimi.

Sasa cheti chake cha kuzaliwa kilitolewa Nansio miaka hiyo, kimeandikwa Magreth na jina la baba basi, ila pasipoti na NIDA ni Margareth na majina matatu. Ofisi moja hapa mjini wameniambia herufi mbili siyo ishu, sehemu nyingine wakasema lipia kiapo yaishe.

Na kuna hili limeninyima usingizi. Kabla hajaondoka alikaa na jamaa mmoja mtaa wa Nyakato kama miaka miwili na nusu, hakuna mahari iliyotoka, hakuna ndoa, wakaachana kila mtu na njia yake. Je akiapa kwamba hajawahi kuolewa anakuwa kasema kweli? Sitaki dada yangu aape uongo ugenini.

mama_wawili_kirumba

Mdogo wangu pole sana, mimi nilifunga ndoa kulekule 2017 nikiwa mgeni kama dada yako, nimerudi Mwanza juzijuzi tu, kwa hiyo ninachokuambia nimekipitia kwa miguu yangu.

Aliyekwambia herufi mbili siyo ishu asikudanganye. Yule karani wa Standesamt hamjui dada yako, hajui kwamba huku kwetu Magreth na Margareth ni mtu mmoja, anachokiona ni karatasi mbili za watu wawili. Mimi jina la babu halikuwepo kwenye cheti changu na nilikaa miezi mitano nasubiri kwa ajili ya hilo tu, ukumbi tumeshalipia, mama mkwe ameshakata tiketi, nililia jamani. Kwa hiyo anza na jina. Usiguse kitu kingine chochote kabla jina halijakaa sawa.

Sababu nyingine ni muda. Cheti cha kuzaliwa kikishasahihishwa ni chako maisha, ila kile cha kutokuwa na ndoa kule kinahesabika miezi 6 tu tangu kitolewe. Watu wengi wanakimbilia kuchukua hicho kwanza kwa kuwa ndo kinaonekana kigumu, halafu wanahangaika na cheti cha kuzaliwa, tafsiri na mihuri, wakija kushtuka kile cha kwanza kimekufa wanaanza upya na ada wanalipa upya. Na hata Standesamt wakishamaliza kuangalia kila kitu wakakubali, hapo napo mna miezi 6 ya kufunga hiyo ndoa, ikipita mnarudi mwanzo.

Tafsiri usifanyie huku. Kule kuna watafsiri walioapishwa na mahakama zao, ndo wanaokubalika, dada atampata hukohuko. Wewe mtumie karatasi halisi kwa njia ya uhakika, na kabla hujatuma skani kila ukurasa, na nyuma pia maana mihuri mingine inagongwa nyuma.

kisorya_rugezi

Mkuu kwa kuwa kilitolewa Nansio usipoteze nauli kwenda Dar kwanza. Nenda ofisi ya mkuu wa wilaya pale Ukerewe, msajili wa vizazi wa wilaya yuko hapo, umwombe waangalie kitabu chenyewe cha usajili kimeandikwaje. Wakati mwingine kitabuni jina liko sawa, aliyekosea ni aliyenakili cheti, hapo kazi inakuwa nyepesi. Kama kitabuni nako limekosewa ndo unaingia kwenye maombi ya marekebisho RITA, wale wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na watataka vya kulinganisha: cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi, kadi ya kliniki kama mama anayo bado, vitambulisho vya wazazi. Mama zetu wa visiwani wanatunza hizo kadi kwenye sanduku la nguo, muulize kabla hujakata tamaa.

Ukipanda boti asubuhi Mwanza unafika Nansio siku bado mbichi. Kama ziwa limechafuka zunguka Bunda ukavukie Kisorya. Panga kulala huko, usipange kwenda na kurudi.

sheria_na_ziwa

Nijibu hilo la Nyakato, naona wote wameliruka na ndilo zito kuliko herufi.

Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 inasema mwanamke na mwanaume wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira ambayo watu wanawatambua kama mke na mume, inachukuliwa kwamba wameoana. Ni dhana tu hiyo, inaweza kupingwa na kuvunjwa kwa ushahidi, siyo kwamba siku ya 731 ukiamka umeshakuwa mke wa mtu. Ila maana yake ni kwamba miaka miwili na nusu siyo jambo la kufuta kwa mkono. Na hoja ya kwamba mahari haikutoka haikusaidii kama unavyofikiri, sheria hiyohiyo inasema kutolipwa mahari hakubatilishi ndoa.

Kwa hiyo muulize dada maswali ya kweli, na umuulize kwa upole. Kulikuwa na kikao cha wazee? Walijitambulisha kanisani au kwa mwenye nyumba kama mke na mume? Kuna mtoto? Kuna kiwanja walinunua pamoja? Kama yote hapana, walikuwa wachumba wakaachana, anaapa kwa amani yake kwamba hana ndoa. Lakini kama wazee walikaa na kukawa na ndoa ya kimila, hiyo ni ndoa kamili hata kama haikuandikishwa popote, na haivunjwi kwa kuhama nyumba. Ni mahakama ndo inaivunja, na kabla ya mahakama shauri linapita baraza la usuluhishi la ndoa. Hapo asiape kabisa, atafute wakili. Uongo kwenye kiapo ni kosa la jinai, na jamaa akijitokeza baadaye akadai, ndoa ya pili ndo inayoyumba wakati pengine wameshapata watoto.

nyamagana_kwetu

Asante sana kaka. Nimempigia usiku huu. Hapakuwa na kikao, mtoto hakuna, kiwanja hakuna, mwenye nyumba alikuwa anawaita wachumba. Amelia kidogo lakini ameshukuru nimemuuliza.

Sasa kuna mtu kazini ananiambia waachane na Ujerumani wakafungie Denmark, eti hawaulizi kitu. Kweli?

mkerewe_wa_kaskazini

Niko huku kaskazini mwa Ulaya. Kuuliza wanauliza, ila ni kweli karatasi ni chache. Maombi yanapita ofisi moja ya serikali inaitwa Familieretshuset, mnaomba mtandaoni, mnalipa ada, mnatuma pasipoti, vibali vya kuishi na ushahidi kwamba uhusiano wenu ni wa kweli. Aliyewahi kuachika analeta hati ya talaka. Wakiridhika wanawapa cheti cha ruhusa cha miezi 4, mnaenda manispaa yoyote ya huko mnafunga. Kwa kuwa wote wawili wana vibali vya Ujerumani kuingia Denmark hakuna shida, na cheti cha ndoa kinatoka na Kijerumani ndani yake.

Ila mwambie dada jina bado alisahihishe. Siku atakapotaka kubadilisha jina la ukoo, au mtoto akizaliwa kule waandike cheti chake, watamuuliza cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa na Magreth atarudi palepale.

mama_wawili_kirumba

Nakubaliana na huyo. Na kwa upande wa shemeji Mkenya, wao hati ya kutokuwa na pingamizi wanaipata kwa msajili wa ndoa Nairobi, lakini vyeti vya Kenya Wajerumani huwa hawagongi muhuri tu, wanatuma mtu akahakiki kwenye vitabu, inakula miezi. Shemeji aanze leo, asisubiri nyie mmalize. Na dada aombe Standesamt wamwandikie barua pepe kabisa, karatasi zipi na mihuri ya nani, maana mji huu na mji ule hawaombi sawasawa, na wewe ukienda RITA au Wizara ya Mambo ya Nje uwe na kitu cha kuwaonyesha, siyo maneno ya simu.

nyamagana_kwetu

Mama amepatikana na kadi ya kliniki, imeandikwa Margareth kwa wino wa bluu na jina la babu liko. Alhamisi napanda boti kwenda Nansio, nikitoka kwa msajili nitarudi hapa kuwaambia kitabuni kumeandikwaje.