Mrejesho: Laini iliyokataliwa na simu kutoka Uingereza

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati kwa msaada mlionipa nilipouliza, nikiwa hapa Mbeya, kwa nini simu niliyotumiwa na kaka yangu kutoka Uingereza ilikuwa ikikataa laini yangu ya malipo ya kabla.

Mlioniambia nitenganishe suala la ukubwa wa kadi na suala la simu kufungwa mtandao mmoja ndio mlionifikisha. Badala ya kuikata kadi yangu ya zamani kwa mkasi, nilikwenda kwa wakala wa Mwanjelwa, nikathibitisha alama za vidole, nikapewa kadi ya nano, yaani ile ndogo zaidi, yenye namba yangu ileile. Kadi iliingia vizuri, lakini simu ikadai msimbo wa kufunguliwa. Tangu Desemba 2021 kampuni za Uingereza zimekatazwa kuuza simu zilizofungwa, ila hii ilinunuliwa kabla ya hapo, hivyo kaka aliwaandikia waliomuuzia, akawapa IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, niliyoisoma kwa kubonyeza *#06#, nao wakatuma msimbo uliofanya kazi mara moja.

Jambo moja halijakaa sawa. Hapa mjini napata 4G, lakini kijijini kwa mama, Rungwe, simu hushuka hadi 2G, ilhali ya mdogo wangu, yenye laini ya mtandao huohuo, hubaki kwenye 4G. Nashuku mtandao huo kule unatumia masafa ya redio ya megahezi 700, ambayo hayamo katika orodha ya masafa ambayo simu yangu inaweza kupokea. Anayenunua simu ya nje ayakague mapema. Asanteni sana.