Kisu kidogo cha kukunja cha kupanda nacho ndege: nichague kipi?

KalamuYaTete

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa watu wanaovijua visu vya kukunja vya asili, vile vya mpini wa mti au pembe.

Mimi naandika khati kwa kalamu ya tete, na mara nne tano kwa mwaka naalikwa kufundisha darasa la siku mbili tatu mahali pasipofikika ila kwa ndege. Husafiri na begi moja la mkononi, kwa sababu karatasi zangu nazipaka mwenyewe wanga na ute wa yai, nazisugua kwa jiwe hadi ziteleze, na hazivumilii kurushwarushwa na wapakia mizigo.

Kazi hii haiendi bila kisu. Tete unalichonga kwa mkato mmoja mrefu wa kuinama, unalipunguza mabega, unalipasua ufa katikati, kisha unalilaza kwenye kibao na kukata ncha mshazari kwa pigo moja. Ufa ukienda kombo, wino haushuki. Kisu changu kilikuwa na ubapa mmoja wa sentimita 5.2, na mpini wake wa pembe ulikuwa umelika pale kidole gumba kinapokaa. Alinipa ustadhi wangu siku aliponiruhusu kumkatia kalamu yake mwenyewe. Nimekaa nacho miaka 11.

Mwezi uliopita, uwanja wa kwanza, mkaguzi alikitoa kwenye kikebe cha kalamu, akakikunjua, akakipima kwa rula, akanirudishia. Nikaruka. Uwanja wa pili nilikuwa naunganisha tu, sikutoka nje, lakini abiria tulipitishwa tena kwenye mashine. Hapo hapakuwa na rula. Kisu ni kisu, nikaambiwa, na kikaingia kwenye pipa pamoja na chupa za maji na mikasi ya watu. Nilieleza hadi sauti ikakatika. Mkaguzi alikuwa mpole, hata alinipa pole, lakini pipa halikufunguliwa.

Swali langu: nataka kununua kingine kidogo, cha asili, kisicho na kufuli. Kipi kinaruhusiwa kweli? Na kuna mtu humu anayeruka nacho mara kwa mara? Natanguliza shukrani.

MakaliMembamba

Dada, pole sana. Mimi hutengeneza visu vya kukunja, nabadilisha springi na mipini, na kisu kilicholikia kidole cha mwenyewe hakina mbadala dukani. Nimesoma ulivyokieleza na imeniuma.

Kabla ya kuchagua kisu, iandike njia yako. Tena uiandike yote: kuondoka, kila kituo cha kuunganisha, na kurudi. Watu wengi huuliza sheria ya uwanja wa kuondokea, wakavuka, halafu wakakwama kama ulivyokwama wewe. Uwanja mkali kuliko wote kwenye njia yako ndio unaoamua.

Umoja wa Ulaya unazuia visu vyenye ubapa unaozidi sentimita 6. Kwa hiyo chako cha 5.2 kilikuwa ndani ya kipimo kwa sheria hiyo, na huenda mkaguzi wako wa kwanza alikuwa akifuata kipimo kama hicho. Kanada nao waliruhusu bapa za hadi sentimita 6 kuanzia tarehe 27 Novemba 2017, isipokuwa kwa ndege zinazokwenda Marekani. Na hapo Kanada, wembe na visu vya kukatia maboksi havipiti hata viwe vifupi namna gani, kwa hiyo usije ukafikiri utapona kwa kubeba kipande cha wembe. Uingereza mwongozo wao unazuia kwenye mzigo wa mkononi kisu chochote chenye makali au ncha, hata kikiwa chini ya hizo sita. Marekani hakuna mjadala: kwenye mzigo wa mkononi hupiti na kisu, labda kile cha plastiki au cha kupakia siagi chenye ncha ya mviringo.

Sasa kisu chenyewe. Kwa maelezo yako ningekuonyesha Opinel, wa Savoie kule Ufaransa, wanaotengeneza visu vya mpini wa mti tangu 1890. Vinakwenda kwa namba. Namba 4 ina ubapa wa sentimita 5, namba 5 ina sentimita 6 kamili, namba 6 tayari ina 7. Pete ya kufungia ubapa, iliyobuniwa 1955, huwekwa kuanzia namba 6 kwenda juu, kwa hiyo namba 4 haina kufuli. Usichukue namba 5. Sita kamili ni kualika ubishi: mkaguzi akianzia kupima ndani ya mti kidogo tu, umeshazidi. Chukua 4.

Ubapa wake ni mwembamba na unapenda kuchonga mti laini, na tete utalipenda. Ila ujue jambo moja. Visu hivi vidogo vya Opinel havina springi mgongoni, ubapa unashikiliwa na mbano wa mti peke yake. Mti ukinyonya unyevu huvimba na kisu kinakuwa kigumu kufungua; ukikauka sana, ubapa unalegea. Kwa mkato mrefu hakuna shida, maana nguvu inasukuma ubapa uzidi kufunguka. Kwa kupasua ufa, pale unapobonyeza ncha na kuinua mkono, ubapa unaweza kujikunja juu ya vidole. Hapo kisu cha springi ni salama zaidi.

Milimita58

Naongezea hapo kwenye springi. Mimi natumia Victorinox, kisu cha Uswisi, ile ndogo kabisa, ambayo ikikunjwa ina milimita 58. Ndiyo maana nikajiita hivi. Uzuri wake kwa safari ni hesabu: kisu ambacho mpini wake haufiki sentimita 6 hakiwezi kuficha ndani yake ubapa wa sentimita 6. Mkaguzi hahitaji hata rula, anaona kwa jicho. Nimevuka nacho viwanja kadhaa vya Ulaya namna hiyo, nikikiweka peke yake kwenye trei, kimekunjwa, nisingoje kitafutwe.

Mpini ni wa plastiki, najua umesema unataka asili. Lakini kampuni yenyewe ni ya 1884, na kuanzia 1891 wanawapelekea askari wa Uswisi visu. Kwangu hiyo ni asili ya kutosha. Mkasi wake pia utakufaa kwa karatasi.

Begi Moja

Mbona mimi nilisoma kwamba Marekani wameruhusu visu vya chini ya sentimita 6? Nakumbuka kabisa, visivyo na kufuli, na ubapa usiozidi nusu inchi kwa upana. Nadhani MakaliMembamba umepitwa.

MakaliMembamba

Ndugu, ulichosoma kiliandikwa kweli, lakini hakikufika. Machi 2013 idara yao ya usalama wa usafiri, TSA, ilitangaza kwamba visu vya namna hiyo hasa vitaruhusiwa kuanzia tarehe 25 Aprili. Wahudumu wa ndege wakapinga kwa nguvu, na mimi siwalaumu, wao ndio wanaofungiwa humo ndani na abiria. Siku tatu kabla ya tarehe yenyewe utekelezaji ukaahirishwa, na Juni mwaka huohuo mpango mzima ukafutwa. Kurasa za lile tangazo bado zinasomwa na watu hadi leo, na kila mwaka naletewa habari ya mtu aliyepoteza kisu kizuri kwa kuziamini.

Ndiyo maana nasema soma ukurasa wa mamlaka yenyewe wiki ya safari, na ukurasa wa shirika la ndege pia, maana shirika linaweza kuwa kali kuliko nchi. Na hata ukiwa ndani ya kipimo, mkaguzi aliyesimama mbele yako ana haki ya kukataa. Usipande na kisu ambacho kukipoteza kutakuumiza.

KalamuYaTete

Ahsanteni sana, nimejifunza zaidi ya nilivyouliza. Hilo la ubapa kujikunja wakati wa kupasua ufa limenigusa, maana kisu cha ustadhi kilikuwa na springi kali, nikazoea kubonyeza bila kufikiri.

Nina swali lingine. Nikikiweka kwenye sanduku la kukabidhi, nakifunga vipi? Na nikifika, naruhusiwa kutembea nacho mfukoni?

MamaRula

Dada, kwanza niulize: kwani huwezi kukata kalamu zote nyumbani, ukaenda nazo zimeshachongwa? Mwanangu huenda kwenye darasa la kuchora na penseli ishirini zilizokwisha kuchongwa, anarudi na nane nzima.

KalamuYaTete

@MamaRula, nimejaribu, na kwa kuandika peke yangu inafaa. Kwa darasa haifai. Ncha ya tete hulika kwenye karatasi, baada ya kurasa chache herufi inaanza kunenepa na lazima ikatwe upya. Na zaidi ya hapo, nusu ya ninachofundisha ni huo mkato wenyewe. Mwanafunzi akinunua kalamu iliyokatwa anajua kuandika hadi ncha iishe, basi. Nataka aone kisu kinavyoingia, asikie ule mlio mdogo ufa unapofunguka mahali pake.

Na kisu kidogo cha mfukoni ndicho chombo chenyewe cha kazi hii tangu zamani. Hata Waingereza jina la visu hivi wamelitoa kwenye kalamu, kwa sababu walivitumia kuchonga kalamu za unyoya. Kwa hiyo sioni kama nabeba silaha, nabeba nusu ya kalamu yangu.

MakaliMembamba

Umesema vizuri, na ningependa kukaa kwenye darasa lako.

Kufunga: kikunje, kizungushie karatasi ngumu, kisha uzi au mpira, ukiweke ndani ya kikebe. Lengo ni mtu anayepekua sanduku asijikate. Kama ubapa ni wa chuma cha kaboni, upake mafuta kidogo kwanza. Sanduku likipata baridi huko chini kisha likafunguliwa kwenye joto, unyevu unatua juu ya chuma na kutu haichelewi. Usikiache kwenye ala ya ngozi, ngozi hushika unyevu.

Kutembea nacho ni sheria nyingine kabisa, ya ardhini. Nakupa mfano mmoja ninaoujua: Uingereza, kisu cha kukunja kisicho na kufuli, makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, unaruhusiwa kuwa nacho hadharani bila kutoa sababu. Kikiwa na kufuli, hata kama ni kifupi, unatakiwa uwe na sababu ya maana. Unaona kwamba uwanja wa ndege wao na barabara yao havifanani. Soma ya kila nchi unayokwenda.

Na kama madarasa yako yanarudia mahali pamoja, mwombe mwenyeji anunue kisu kimoja kikae kwake. Unakinoa unapofika, unakiacha unapoondoka.

Milimita58

Ongeza hili: kabla ya kila safari geuza begi, likung'ute. Mimi nilipoteza kimoja si kwa sheria, ni kwa kusahau kwamba kiko kwenye mfuko wa pembeni. Mkaguzi alinipa nafasi ya kurudi kukabidhi begi. Lakini nilikuwa naanzia safari hapo, na hata hivyo kaunta ilikuwa imefungwa. Kwenye kituo cha kuunganisha hiyo nafasi haipo kabisa, sanduku lako limeshakwenda.

KalamuYaTete

Nimerudi kuwapa habari. Niliandika njia kama mlivyoniambia, kwenda na kurudi. Madarasa mawili ya mwaka huu yako sehemu nilizokwisha kufundisha. Wenyeji wote wawili wamekubali kuweka kisu, na mmoja ameniomba nimchagulie.

La tatu lina vituo viwili vya kuunganisha, na kimoja hakipokei ubapa wowote. Basi nitakabidhi sanduku dogo la kisu, kibao na mawe ya kunolea, karatasi zitabaki nami juu. Nimenunua namba 4 kwa mkato mrefu na kimoja cha springi, ubapa sentimita 4.5, kwa ajili ya ufa. Jana nimekata nacho kalamu sita. Mbili ufa ulikwenda kombo, mkono bado unatafuta ule mpini wa pembe. Nne zimetoka sawa, na ya mwisho nimeiandikia jina la ustadhi.