Kisima kinanuka petroli, fundi anataka tuchimbe mpaka mita 70. Nifanyeje?

mamaShani_Mbagala:

Wakuu, habari za jioni. Wenye utani wa "wauzie bodaboda hayo maji" nishausikia wote mtaani, hapa niacheni.

Niko Mbagala. Kisima alichimbisha marehemu baba mwaka 2009, mita 38, na ndicho kinachotulisha: dumu shilingi 100, foleni tangu alfajiri. Nyuma ya ukuta wetu, hatua kama 60, kuna sheli ya siku nyingi. Masika yalipoisha, mteja wangu mmoja akarudisha madumu mawili akaniambia, "Mama Shani, chai yangu leo imenuka pikipiki." Nikamjibu ni madumu yake. Nikayasuuza mimi mwenyewe, nikamjazia tena, nikanusa. Nikaishiwa maneno.

Sasa hivi pampu ikiwashwa asubuhi harufu inapiga puani, ikishatembea robo saa inapungua. Nimelaza maji kwenye beseni jeupe, kulipokucha nikakuta utando juu unang'aa rangi rangi. Nimetia dawa ya klorini, wapi. Nimechemsha, jiko zima likanuka, mtoto akalalamika kichwa. Meneja wa sheli nimemfuata, anasema matangi yake mazima. Shemeji ameniletea fundi, naye anataka milioni saba ashuke mpaka mita 70, anasema huko maji hayajaguswa na mtu.

Nimlipe? Au haya maji yanaweza kusafishwa? Semeni kwa Kiswahili cha kueleweka.

Kinyozi77:

Pole sana. Ila usiwahi kumshika mtu wa sheli kabla hujavuta pampu. Hizi pampu za kuzamisha, nyingine mota yake imejazwa mafuta, mpira wa kuzibia ukichakaa yanavuja humo humo kisimani. Mimi ilinitokea Chanika. Nimenuniana na jirani mwenye gereji miezi miwili, kumbe pampu yangu. Mpaka leo tunasalimiana kwa shida.

Ikiwa si pampu, chimba tu dada. Mita 70 nani atakufuata huko?

FundiVisima_Kongowe:

Kinyozi, la pampu umesema kweli. La kuchimba umemwingiza dada wa watu shimoni.

Mama Shani, kwanza rudi kwenye beseni lako. Chukua kijiti, chokoa ule utando. Ukivunjika vipande vyenye kona kona kama ganda la yai na vipande vikakaa mbali mbali, hiyo mara nyingi ni kazi ya bakteria wa chuma, hawana ubaya mkubwa. Ukipasua halafu utando ukarudi kujifunga nyuma ya kijiti, hayo ni mafuta. Halafu mafuta ya mota yananuka kizito, kama gereji. Petroli inakuja kali na inapanda kichwani. Wewe umesema mtoto kichwa kilimuuma, mimi tayari nina wasiwasi.

Sasa hiyo mita 70. Nimechimba visima huku kusini mwa Dar miaka 22. Sehemu nyingi unakuta mchanga wenye maji, chini yake tabaka la mfinyanzi, halafu mchanga mwingine wenye maji. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ikivuja inashuka mpaka inapokutana na maji ya juu, inatandaa hapo kama mafuta kwenye mchuzi. Sehemu yake inayeyuka na kusafiri na maji. Ule mfinyanzi ndio mlango uliofungwa. Fundi wako akishusha bomba kutoka juu mpaka chini na kujaza kokoto pembeni mwanzo mwisho, kama wengi wanavyofanya ili kuokoa saruji, ameutoboa mlango na kuuachia wazi. Pampu ya chini ikivuta, maji ya juu yanateremka na kokoto. Baada ya muda unakuwa na visima viwili vibovu na milioni saba zimekwenda. Kuchimba chini kunawezekana, lakini mahali pengine kwenye kiwanja, mbali na sheli, na tabaka la juu lizibwe kwa bomba zima na saruji kupita kwenye mfinyanzi. Na hiyo ni baada ya kupima, si kabla.

Kwa nini nakazania kupima? Ndani ya petroli kuna kitu kinaitwa benzini, kinasababisha saratani ya damu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1 inatosha kuchafua zaidi ya lita 700,000 kufikia kiwango hicho. Hesabu madumu ya lita 20: 35,000. Na pua haitakwambia maji yamekuwa salama. Harufu inaweza kupungua benzini ikabaki juu ya kiwango.

Klorini inaua vijidudu, haigusi petroli. Kuchemsha kunaitoa kwenye sufuria na kuipeleka kwenye mapafu yenu, ndiyo maana kichwa. Hata kuoga maji ya moto na mlango umefungwa, acha. Na kama kuna kisima kifupi cha kuchimba kwa mkono jirani, mtu asithubutu kushuka kuangalia wala kumulika na kiberiti. Mvuke unakaa chini humo, unazimisha mtu kabla hajapiga kelele.

Sampuli: iwekwe kwenye chupa ya kioo, ijae mpaka mdomoni, isibaki hata povu la hewa, maana hiyo hewa ndiyo inanyonya unachokitafuta. Usitumie chupa ya plastiki ya maji ya dukani. Weka kwenye boksi la barafu, peleka siku hiyo hiyo. Kwanza piga simu maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, waulize wanataka chupa gani na dawa gani ya kuhifadhia. Barua ziende tatu: Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, hao ndio wenye maji ya ardhini ya Dar; NEMC, wasimamizi wa mazingira; na EWURA, wasimamizi wa nishati na maji wanaotoa leseni za sheli. Nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema aliyechafua ndiye anayelipa kusafisha, lakini lazima ithibitike ni nani. Waombe waangalie vitabu vya sheli: kila asubuhi tangi linapimwa kwa kijiti, na kilichouzwa kinajulikana. Tangi linalovuja hesabu zake hazifungi mwezi baada ya mwezi.

Umeuliza kama yanasafishika. Ndiyo, ila si kwa ndoo ya chujio. Kwanza anayevuja azuiwe, bila hapo ni kupiga deki bomba likiwa wazi. Petroli inayoelea inavutwa, udongo uliolowa unachimbwa au unapulizwa hewa, maji yanapitishwa kwenye mkaa maalumu. Kinachobaki wanaachiwa bakteria wa ardhini, wanakula petroli kweli. Kule Bemidji, Minnesota, Marekani, bomba la mafuta ghafi lilipasuka 1979, wataalamu wanapachunguza tangu 1983. Mafuta mengine bado yapo chini, lakini benzini haikufika mbali kama walivyoogopa, bakteria wameila njiani. Ni kazi ya miaka. Bakteria hao hewa ikiwaishia wanayeyusha chuma cha udongoni, kwa hiyo unaweza kukuta utando wa aina zote mbili kwenye beseni moja. Kijiti kisikupe hukumu peke yake.

Jambo la mwisho, wengi hawalijui. Ukivuta maji ya DAWASA, yaani ya mamlaka ya maji ya jiji, bomba jeusi la plastiki lisipite upande wa sheli. Petroli iliyo kwenye udongo inapenya ukuta wa plastiki na kuingia kwenye maji masafi.

mtoto_wa_Likoni:

Salamu kutoka Mombasa. Shukuru yako ni petroli, bakteria wana hamu nayo. Sisi hapa Owino Uhuru ilikuwa risasi (ya betri, si ya bunduki). Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Risasi haiozi na hakuna mdudu wa kuila. Ni uondoe udongo au uufunike, basi. Mahakama iliwapa wakazi shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, kesi ikapanda na kushuka, Mahakama ya Upeo ikaithibitisha Desemba 2024. Kwa hiyo dada, weka kila karatasi. Risiti ya maabara, tarehe ya kila barua, na muhuri wa waliopokea.

mamaShani_Mbagala:

Asanteni sana, fundi Mungu akuweke. Kijiti nimefanya mbele ya mjumbe: utando ulirudi kujifunga kama mtu anavuta shuka. Pampu tumeivuta jana, mota haivuji mafuta, mpira mzima. Kinyozi, umeniokoa aibu, ningekwenda kugombana bila kuangalia.

Nimeandika ukutani MAJI HAYAUZWI. Sampuli imekwenda, na barua zote tatu zina mihuri. Meneja amekuja, akanusa ndoo, akasema yeye ana mafua. Tatizo ni jirani wa pili kutoka kwangu, ana kisima na anaosha magari. Nimemwambia aache, ananiona nina wivu wa biashara. Halafu tanki langu la juu lina lita 5,000 za maji yale yale. Niyamwage mtaroni?

FundiVisima_Kongowe:

Usiyamwage, mtaro wenu unaishia mto Kizinga. Fungua mfuniko, liache wazi, mbali na jiko na sigara, mpaka majibu ya maabara yatoke.

Na huyo wa magari mfuate tena, safari hii na mjumbe. Wewe ulipozima pampu, anayevuta maji hapo ni yeye peke yake. Yanamfuata.