Nimemaliza sizoni ya vipindi vitano, nitafutieni nyingine fupi

Fundi Boila:
Wakuu, habari za usiku. Niko Morogoro, kazi yangu ni boila, na wiki hii nimeangukia shifti ya mchana, kwa hiyo jioni napata saa mbili tatu za kukaa na laptopu kabla mke wangu hajasema zima taa tulale. Kijana wa stendi anayejaza flashi aliniwekea Chernobyl, akaniambia, "Mzee, hii fupi, vitano tu." Nikacheka. Sizoni gani ina vipindi vitano?

Nimeimaliza kwa siku tatu, na tangu juzi kila ninachofungua nakiona maji matupu.

Kwa ambao hawajaiona: ni ya 2019, inasimulia mtambo namba 4 wa nyuklia kule Ukraine, enzi za Muungano wa Kisovieti, ulivyolipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Walikuwa wanafanya jaribio la usalama. La usalama, eti! Watu wanasifia ule moto na moshi, ila mimi kilichonikamata ni kipimo. Kile kipimo cha mionzi walichonacho mwanzoni kinaishia 3.6. Kinasoma 3.6, basi wakubwa wanapelekewa 3.6, hali si nzuri sana ila si mbaya. Kila mtu mle ndani anajua kimegota mwisho, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Hapo nilisimamisha nikatoka nje kidogo. Mwaka juzi geji yetu moja iliganda kwenye baa 7. Ongeza moto, 7. Punguza, 7. Nikamwambia supavaiza, akajibu andika 7 kwenye daftari, fundi wa geji anakuja Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikaandika 7 shifti nzima, na kesho yake tena, kwa mwandiko mzuri kabisa wa darasani. Hakikutokea kitu, vali ya usalama ilikuwa nzima. Lakini yule Dyatlov, bosi aliyesimamia lile jaribio, alipoanza kuwafokea vijana kwenye chumba cha mitambo, nikahisi namfahamu mpaka saizi ya kiatu chake.

Na kuna pale juu ya paa. Askari wanapewa sekunde 90 wapande, watupe kwa koleo vipande vya grafaiti vyenye mionzi vilivyoruka kutoka ndani ya mtambo, washuke. Kamera inawafuata bila kukatwa. Mmoja anajikwaa, buti linachanika, na mimi kwenye kochi nimebana pumzi kama ndiye niliyeshika koleo.

Kasoro zipo. Warusi wote wanaongea Kiingereza cha Waingereza. Mwanangu wa kidato cha pili akaniuliza kwani Chernobyl iko London? Yule mama mwanasayansi, Khomyuk, ni wa kutungwa, wenyewe wanakiri mwishoni kwamba amewekwa kuwakilisha wanasayansi wengi. Kipindi cha nne, cha kuua mbwa, mke wangu aliondoka akaenda kulala.

Sasa nisaidieni. Sizoni fupi, isizidi vipindi kumi, iwe na mwisho unaoeleweka. Mazombi sitaki. Tajiri kumpenda dada wa kazi sitaki.

Mama Zuhura:
Kaka, pole na geji yako. Ila hapo kwenye kusema fupi fupi umenigusa pabaya. Mama yangu ana miaka 71, shule aliishia darasa la nne, yale maandishi ya Kiingereza chini ya kioo kwake ni wadudu tu. Sultan, ile tamthilia ya Kituruki ya mfalme Suleiman, ilipokuja na sauti za Kiswahili ndipo naye akawa mtazamaji. Kwa Waturuki wenyewe ina vipindi 139, na mimi sikuona hata kimoja cha kupunguza, maana tulikuwa tunachambua mchele huku tunaangalia.

Kilichomuudhi ni pale mwigizaji Meryem Uzerli alipoondoka na Hurrem, mke kipenzi wa sultani, akachezwa na Vahide Perçin. Mama aliniuliza, "Huyu nani kaingia chumbani kwa Hurrem?" Nikamweleza ndiye yeye. Akakataa. Mpaka mwisho alikuwa anamwita "yule mgeni". Sasa niambie, kwa vipindi vitano mtu anapata wapi uchungu kama huo?

Mkamba Halisi:
Fundi, salamu kutoka Machakos. Tafuta Country Queen, ya hapa kwetu Kenya, 2022, vipindi sita pekee. Akisa anapanga sherehe za matajiri Nairobi, halafu anarudi kijijini Tsilanga baada ya miaka kumi na kukuta kampuni ya dhahabu inataka ardhi ya watu. Wanaongea Kiswahili, Kiingereza na Kikamba. Nilivyosikia Kikamba kwenye Netflix niliongeza sauti ndiyo majirani wasikie. Nitakuwa mkweli lakini: zile sehemu za kijijini ni tamu, za mapenzi ya Nairobi nilikuwa naenda kuchemsha chai.

Kijiti:
Squid Game ya Wakorea, watu wenye madeni wanacheza michezo ya kitoto na anayeshindwa anauawa. Ile ya kwanza tu, 2021, vipindi 9. Ya pili na ya tatu achana nazo, walirudi kukamua ng'ombe aliyekwisha kamuliwa. Ukifika kipindi cha sita, cha gololi, utanikumbuka. Ali Mpakistani anavyokabidhiwa kifuko akidhani ni gololi, kumbe mawe, na amemwamini yule jamaa kama kaka yake! Nililala saa tisa.

Mama Zuhura:
Kijiti, umeombwa jina la sizoni, wewe umesimulia mpaka mawe.

Kijiti:
Samahani mama. Nilipitiliza. Fundi, hebu tuambie, hiyo geji iliishia wapi?

Fundi Boila:
Asante Kijiti kwa kunimalizia kipindi cha sita, nitaanzia cha saba. Natania. Kijana wa stendi hana Country Queen, anasema nirudi Ijumaa. Mama Zuhura, nimemsomea mke wangu jibu lako, na sasa laptopu si yangu tena: kaenda mwenyewe stendi na flashi akarudi na Sultan. Yuko kipindi cha nne, na ameshamchukia Mahidevran, yule mpinzani wa Hurrem.

Kuhusu geji: fundi hakuja Jumatatu. Alikuja Jumatatu ya pili yake, akaigonga kwa bisibisi mara mbili, mshale ukaruka mpaka 9.