Somo wa jumuiya: Mt. Rosalia wa Palermo, tuanzie wapi?

Mwanajumuiya Tanga
Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu hapa Tanga imepewa Mt. Rosalia awe somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi. Nimeombwa niandae mafundisho ya nusu saa, novena (sala za siku tisa), na picha ya kubarikiwa. Kila nikitafuta nakuta sikukuu mbili, 15 Julai na 4 Septemba, na habari za tauni zimechanganywa na maisha yake hadi haieleweki aliishi lini. Picha nazo kila moja ina sura yake. Wanaomfahamu naomba mwongozo.

Katekista wa Pwani
Milele amina. Tenganisha karne mbili kwanza, mengine yatanyooka yenyewe. Rosalia aliishi kisiwa cha Sisilia, Italia, karne ya 12, enzi za wafalme Wanormani, na kifo chake huwekwa karibu na mwaka 1166. Tauni ni ya 1624, yeye akiwa marehemu zaidi ya miaka 450. Wengi hufundisha kwamba aliuguza wagonjwa wa tauni. Hakuuguza, waliomba maombezi yake.

Habari za maisha yake ni haba, kwa hiyo usijaze pengo kwa kubuni. Mapokeo yanasema alikuwa binti wa Sinibaldo, bwana wa maeneo ya Quisquina na Rose, akaacha ukabaila na kuwa mkaapweke, kwanza katika pango la Quisquina, kisha juu ya Monte Pellegrino, mlima unaoitazama Palermo. Pango la Quisquina lina maandishi ya Kilatini: Rosalia anajitaja jina na kusema ameamua kukaa humo kwa upendo wa Bwana wake Yesu Kristo. Yasomeni jumuiyani, ila waambie yaligunduliwa 1624, mwaka uleule ilipopatikana mifupa inayoaminiwa kuwa yake, na wasomi wanabishana kama ni mkono wake.

Tauni iliingia Palermo kwa meli iliyotoka Tunis. 15 Julai 1624 mifupa hiyo ikachimbuliwa pangoni Monte Pellegrino. Kardinali Giannettino Doria, askofu mkuu wa Palermo, hakukurupuka kutangaza. Aliwapa wanateolojia na matabibu waichunguze kwanza. Maandamano makubwa ya masalia, yaani mifupa hiyo, yakafanyika Juni 1625, na 1630 Papa Urbano VIII akamwingiza katika Martirolojia, orodha rasmi ya watakatifu wa Kanisa, kwa tarehe zote mbili: Julai kupatikana kwa masalia, Septemba kufariki kwake.

Mlinzi wa Sakristia
Chukueni 4 Septemba. Tarehe 15 Julai ni kumbukumbu ya lazima ya Mt. Bonaventura, na huku kwetu Rosalia hawezi kumsogeza. Tarehe 4 Septemba iko wazi, na siku ya kawaida padre anaruhusiwa kuadhimisha Misa ya mtakatifu aliyeandikwa katika Martirolojia siku hiyo. Atatumia sala za Misa za mabikira, mavazi meupe. Ikiangukia Jumapili, kama 2022, Misa inabaki ya Jumapili. Ninyi mtamkumbuka katika sala ya jumuiya. Mwambieni paroko mapema.

Novena ianze 26 Agosti, imalizike 3 Septemba. Wanaoanza tarehe 27 huangukia siku ya tisa kwenye sikukuu yenyewe, halafu wimbo, chakula na sala vinagombania saa moja.

Picha: maua ya waridi peke yake yatawadanganya. Teresa wa Mtoto Yesu anayashika pamoja na msalaba, ila yeye ni Mkarmeli mwenye shela nyeusi. Rosa wa Lima ana taji la waridi, ila kavaa Kidominiko, nyeupe na nyeusi. Rosalia tafuta taji la waridi pamoja na fuvu la kichwa, mara nyingi pangoni, kavaa joho la kahawia. Fuvu na pango bila waridi, huyo huenda ni Maria Magdalena. Mkiweza, chapisheni mchoro wa Anthony van Dyck, mchoraji wa Kiflemi. Alikuwa Palermo mwaka uleule wa tauni na akamchora mara kadhaa. Fremu iache nafasi kati ya karatasi na kioo, maana kwa unyevu wa Tanga karatasi iliyogusa kioo huota ukungu na kunata.

Mwanajumuiya Tanga
Asanteni sana. Mambo mawili: vijana wamesoma kwamba mifupa ile ni ya mbuzi, na kuna mtu mtandaoni anauza “masalia” yake.

Katekista wa Pwani
Madai ya mbuzi yanahusishwa na mwanajiolojia Mwingereza William Buckland, karne ya 19. Msiwazomee vijana, waelezeni. Monte Pellegrino ni mawe ya chokaa kama mapango ya Amboni hapo Tanga: maji yanachuruzika darini, na ndani ya patakatifu pale wametundika mifereji ya bati kuyakinga. Chokaa hiyo iliigandisha mifupa kwenye jiwe, ndiyo maana hata mwaka 1624 kuitambua kulihitaji matabibu na ubishi. Isitoshe, heshima kwa Rosalia ilikuwepo Palermo kabla ya mifupa kupatikana.

Huyo muuzaji achaneni naye. Kanuni ya 1190 ya Sheria za Kanisa inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Masalia halali huja na hati ya uthibitisho kutoka mamlaka ya Kanisa, na ombi hupitia kwa paroko hadi jimboni. Kwa jumuiya, picha iliyobarikiwa inatosha kabisa.